Kujuana na Watu na Kujiamini Kazini kwa Walio Wachache Katika Sayansi, Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaoniuliza maswali haya wengi ni wanawake: wanafunzi wa uzamili wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, wataalamu wa maabara wa Moshi, wahandisi waliomaliza Chuo cha Ufundi Arusha wakajikuta wako peke yao kwenye karakana iliyojaa wanaume. Wapo pia watoto wa wafugaji, na wapo wenye ulemavu. Nimejibu hapa kama ninavyowajibu tukikaa pamoja, na pale ninapokuwa na msimamo wangu nimeusema.

Kwa nini nihangaike kujuana na watu? Nikifanya kazi yangu vizuri si itaonekana yenyewe?

Natamani ingekuwa hivyo. Kazi nzuri ikikaa kwenye daftari lako la maabara inaonwa na wewe na msimamizi wako, basi. Mwenye mradi mpya anayetafuta mtu wa kuchambua sampuli hawezi kukuita kama hajawahi kusikia jina lako.

Kwa mujibu wa UNESCO, wanawake ni kama theluthi moja tu ya watafiti duniani. Ukiwa mmoja kati ya wachache, kuna maongezi mengi yanayokupita bila mtu yeyote kukusudia kukuficha. Habari ya ufadhili inatajwa kwenye benchi la nje wakati wanaume wanajadili mechi ya Simba na Yanga. Habari ya nafasi ya kwenda mafunzoni inatolewa jioni, saa ambayo wewe umeshawahi Hiace ili umfuate mtoto. Hujafukuzwa, ila hukuwepo. Kwa hiyo usisubiri habari zikufuate, bali jenga njia zako za kuzipata.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti juu ya watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, katika kitongoji kimoja karibu na Boston, Marekani. Aliwauliza walikuwa wanaonana na mtu huyo mara ngapi. Kama 17 kati ya 100 walisema mara nyingi, 56 walisema mara mojamoja, na 28 walisema kwa nadra. Sababu yake inaeleweka ukifikiri kidogo: rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, na anakula chakula cha mchana meza moja na wewe. Mtu uliyesalimiana naye mara mbili kwenye semina ndiye anayetoka kwenye duara lingine. Mwaka 2022 watafiti waliochambua takwimu za watu milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn walikuta jambo linaloendana na hilo, kwamba waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa kufahamiana kwa wastani, wasio ndugu na wasio wageni kabisa.

Hii si ndiyo kujuana ile ile tunayoilalamikia kila siku?

Hapana, na nafurahi watu wanauliza, maana wasichana waaminifu ndio wanaojizuia zaidi kwa sababu hii. Undugunaizesheni ni mtu kupewa nafasi asiyostahili kwa sababu ya damu, kabila au bahasha. Ninachokizungumzia ni kufahamika kwa kazi unayoifanya kweli. Nafasi ya serikali bado utaiomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, utaitwa kwenye usaili, na utajibu maswali mwenyewe. Kufahamiana kunakupa taarifa mapema, kunakupa mtu wa kusoma andiko lako kabla hujalituma, na kunakupa mtu wa kusema, "Huyo binti namjua, vipimo vyake naviamini." Sentensi hiyo ya mwisho si upendeleo kama umeifanyia kazi.

Mimi sijiamini kabisa. Si nianze kwanza kujiamini ndipo nitafute watu?

Ukisubiri hivyo utasubiri sana. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana kimasomo na kikazi, ambao ndani ya mioyo yao waliamini wamepita kwa bahati na kwamba siku moja watagundulika. Walikuwa na shahada, walikuwa na vyeo, na hofu ilikuwa pale pale. Cheti hakikuiondoa.

Kwa nilivyoona mimi, hofu inapungua pale mtu mwenye ujuzi anapochukua swali lako kwa uzito. Anakaa kimya kidogo, anasema "hebu rudia hapo," na wewe unagundua kwamba hata yeye hana jibu la haraka. Hilo haliwezi kutokea ukiwa umejifungia chumbani na sabufa.

Tuna mfano wetu wenyewe, na sehemu yake imepita Moshi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliingiza mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganya mambo. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, kule juu ya mji wa Moshi. Leo wanafizikia wa dunia nzima wanabishana juu ya kitu chenye jina lake.

Angalia alichofanya. Hakumwomba mgeni kazi wala namba ya simu. Alimpelekea jambo aliloliona kwa macho yake, akauliza kwa nini liko hivyo. Kila mmoja wetu aliyewahi kushika pipeti analo jambo la namna hiyo.

Nianze na nani? Maprofesa wananitisha.

Waache maprofesa kwanza. Anza na wa rika lako: yule dada wa kitengo cha jirani, mwenzako aliyesoma na wewe ambaye sasa yuko TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, pale Njiro, fundi wa maabara anayejua mashine zote za jengo. Watu wanapenda kulenga juu na kuwapita hawa, na mimi naona ni kupoteza. Wanaokua na wewe ndio watakaokuwa wakuu wa vitengo baada ya miaka 10, na kwa sasa ndio wenye muda wa kukusikiliza.

Eneo letu lina bahati. Kati ya Ngaramtoni na Moshi mjini, kwa barabara moja, kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, TAWIRI, Taasisi ya Nelson Mandela na kituo cha mboga cha World Vegetable Center upande wa Tengeru, halafu hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti wa kitabibu. Ni mwendo wa kama kilomita 90. Watu wa dawa za wadudu, wa maji, wa wanyamapori na wa homa wanapishana kila siku njiani bila kujuana. Wasichana wanne au watano kutoka taasisi tofauti wakikutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akaleta grafu moja iliyomshinda, huo tayari ni mtandao wa maana. Msilifanye kundi la WhatsApp la kutumiana heri ya Ijumaa na Jumapili njema. Liwe la kazi.

Nikiamua kumwandikia mtaalamu nisiyemjua, niandike nini?

Andika kifupi, na uombe kitu kidogo ambacho ni rahisi kukubali. Huu ni mfano wa ujumbe wa mwanafunzi anayepima floraidi, madini ya kwenye maji yanayoharibu meno, tatizo tunalolijua wote huku kwetu kwa kuangalia meno:

*"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamili hapa Tengeru. Napima floraidi kwenye maji ya visima vya Arumeru, ambayo mengi yamepita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Nimesoma makala yako kuhusu chujio la mkaa wa mifupa. Kwenye majaribio yangu mkaa unachoka mapema kuliko ulivyoandika, na maji yangu yana magadi mengi. Je, inawezekana magadi ndiyo sababu? Nimeambatanisha jedwali la ukurasa mmoja. Kama una dakika 15 wiki ijayo, naweza kuja ofisini au kupiga simu."*

Salamu ipo, anayeandika anajulikana, kazi ya mwandikiwa imesomwa kweli, na swali ni moja. Jedwali linaonyesha kwamba ameshatoa jasho. Hakuandika "naomba unisaidie kwenye utafiti wangu," maana mtu aliyebanwa akisoma hivyo anaona mzigo na kufunga simu.

Kuhusu shikamoo: kama ni mtu mzima kwako na unaandika Kiswahili, iandike. Haikupunguzii chochote. Ukiandika Kiingereza, anza na cheo chake na jina la ukoo. Kinachokuharibia ni kujishusha kupita kiasi, zile aya tatu za "samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi, mimi ni mwanafunzi mdogo tu." Heshima inatosha kwenye salamu; baada ya hapo zungumza kama mtafiti.

Nimeandika, hajajibu.

Subiri wiki 2, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili. Akinyamaza tena, mwandikie mwingine. Kimya cha mtu mwenye barua pepe mia tatu hakikuhusu wewe.

Kwenye makongamano nasimama pembeni na kikombe changu. Wakati wa chai nifanye nini?

Kongamano linafanyika wakati wa chai kuliko ndani ya ukumbi, kwa hiyo swali lako ni la msingi. Fanya maandalizi usiku wa kuamkia siku hiyo. Soma ratiba, chagua watu watatu, na kwa kila mmoja andika swali moja kwenye daftari. Siku hiyo mfuate yule aliyetoka kuwasilisha, kabla hajafika kwenye sambusa: "Dokta, kwenye ile grafu ya pili, kwa nini Agosti inashuka?" Basi, umeshaanza maongezi. Mwasilishaji yeyote anatamani kuulizwa, na wengi wao huishia kuulizwa maswali mawili ya haraka ukumbini.

Kama una bango la utafiti wako, simama kando yake kwa mwili ulionyooka, simu ikiwa mfukoni. Nimewaona mabinti wenye matokeo mazuri kabisa pale kwenye kumbi za mikutano za AICC wakiwa wamekaa kwenye kiti nyuma ya bango lao, wakisogeza kidole kwenye kioo. Mpita njia anaona mtu aliye na shughuli zake, anaendelea na safari. Jifunze kueleza utafiti wako kwa dakika moja, ukianza na tatizo: "Visima vya Arumeru vina floraidi nyingi, chujio lililopo linachoka haraka, mimi nimetafuta sababu." Uifanyie mazoezi mbele ya mtu asiye wa fani yako. Mama yako akielewa, wote wataelewa.

Usiku ule ule, kabla ya kulala, waandikie uliozungumza nao. Mstari mmoja kukumbusha mlichoongea, na kama uliahidi kitu, kiambatanishe. Wengi hawafanyi hili, ndiyo maana anayelifanya anakumbukwa.

Kiingereza changu kinanikwamisha kunyanyua mkono.

Liandike swali lako neno kwa neno ulisome. Wanasayansi wakubwa wanasoma hotuba zao kwenye karatasi na hakuna anayewashangaa. Wakati wa chai, na Mtanzania mwenzako, zungumza Kiswahili bila wasiwasi; hoja ya kisayansi haipungui uzito kwa kusemwa Kiswahili, na mara nyingi ndipo watu wanapofunguka wakasema kilichowashinda kwenye utafiti wao. Kiingereza kitakuja kwa kukitumia. Wenzangu kadhaa wamekizoea kwa kusomeana makala kwa sauti jioni, makala moja kwa wiki.

Sina hela ya kiingilio wala nauli.

Waandikie waandaaji mapema uombe punguzo la mwanafunzi au ujitolee kwenye dawati la usajili. Dawati la usajili lina faida kubwa: kila mgeni lazima apite mbele yako na kukutajia jina. TAWIRI hufanya kongamano lake la kisayansi kila baada ya miaka 2, na kwa kuwa makao yake yako hapa Arusha, mwenyeji mara nyingi anaokoa gharama ya malazi. Usidharau pia Nane Nane pale viwanja vya Themi. Watafiti wa kilimo wa Kanda ya Kaskazini wanakaa kwenye mabanda siku nzima, wakisubiri mtu mwenye swali la maana. Nenda katikati ya wiki asubuhi, kabla umati haujajaa.

Mtaalamu niliyemwomba msaada ameanza kunitaka kimapenzi. Nifanye nini?

Kwanza, hujafanya kosa lolote. Kumwandikia mtu, kumshukuru, kucheka naye kwenye chai, hakuna hata kimoja kilichompa ruhusa.

Kama anafunga msaada, alama, barua au nafasi kwa sharti la mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wote, usifute kwa hasira. Andika tarehe na maneno aliyosema. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha toa taarifa dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, namba 113, ambayo haitozwi.

Kwa kujikinga tangu mwanzo, panga kukutana ofisini saa za kazi, kwenye kantini, au kwenye mgahawa wa wazi mjini. Mtaalamu wa kweli hasumbuliwi na hilo. Na kama maongezi ya kikazi ya taasisi yenu yote yanafanyika baa saa tatu usiku, semeni ninyi wanawake kwa pamoja kwamba mnahitaji kifungua kinywa au chakula cha mchana. Wapo pia wanaume wasiokunywa, na Waislamu wanaowahi swala, ambao wanatamani hivyo hivyo na hawajapata wa kulisema.

Natoka jamii ya wafugaji. Wenzangu wananiona mtu wa porini. Nina cha kuwapa?

Unacho, tena kingi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walidhani 528 kati yao wana malaria. Vipimo vilipokamilika, wenye malaria kweli walikuwa 14 tu kati ya wote 870. Baadhi ya waliobaki walikuwa na magonjwa ambayo hayakuwa yakifikiriwa, yakiwemo yanayotoka kwa mifugo: brusela, leptospira, homa ya Q.

Sasa jiulize nani anajua ng'ombe akitupa mimba huguswa na nani, maziwa yanachemshwa au hayachemshwi, na mama wa boma anamwambia nini mgeni mwenye dodoso na asimwambie nini. Mtafiti aliyekulia mjini anahitaji miaka kulijua hilo. Unapokutana na watu wa magonjwa ya mifugo na binadamu, usilifiche la kwenu ukadhani linakushusha. Litaje mapema. Ila usikubali kuwa mkalimani wa safari tu: mwambie wazi mwenye mradi kwamba unataka kushiriki kwenye kuandaa maswali na jina lako liwe kwenye makala.

Nina ulemavu wa kusikia. Kumbi za mikutano zinanichosha na naondoka sijaongea na mtu.

Waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla, wape mahitaji yako kwa majina: mkalimani wa lugha ya alama, kiti cha mbele, slaidi kabla ya siku. Wengi hawajafikiria, si kwamba wamekataa. Nguvu yako kubwa inaweza kuwa kwenye maandishi, kabla na baada ya mkutano, na huko ndiko uhusiano mwingi unakojengeka hata kwa wanaosikia. Kwa upande wa ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ijue, na uitaje bila aibu.

Kuna vyama au programu za kujiunga?

Madaktari wanawake wana chama chao, MEWATA, iliyoanzishwa mwaka 1987. Mwaka huo huo ilizaliwa OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, yenye makao Trieste, Italia. Inafadhili wanawake wanaosoma uzamivu. Walio kwenye kilimo waangalie programu ya AWARD ya Nairobi, inayofanya kazi tangu 2008 na inayomuunganisha mtafiti mwanamke na mlezi wa kitaaluma. Wahandisi wahitimu waulizie kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi mpango wa mafunzo kwa vitendo chini ya mhandisi mzoefu. Na kila Februari 11, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana Katika Sayansi, taasisi nyingi hutafuta wazungumzaji. Peleka jina lako Januari.

Sio lazima mlezi wako awe mwanamke. Lakini kumwona aliyetangulia kunasaidia. Profesa Verdiana Masanja, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, amefundisha hapa hapa Nelson Mandela.

Nahitaji barua za mapendekezo. Nimwombe nani?

Mwombe aliyeona kazi yako, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mhadhiri wa kawaida inayosema "alirudia kipimo mara nne mpaka akapata chanzo cha hitilafu" ina nguvu kuliko ya mkurugenzi inayosema wewe ni mwadilifu na mchapakazi. Muulize kwa uwazi: "Je, unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisita, mshukuru, nenda kwa mwingine. Akikubali, mpelekee wasifu wako, tangazo lenyewe, na nusu ukurasa wa kumkumbusha mlichofanya pamoja. Mpe angalau wiki 4, mkumbushe wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho na tena siku 2 kabla. Hawachukii kukumbushwa.